Vitanda vya Ushirombo na Mwendo wa Maradhi

Barabara kuu itokayo Isaka, ikapita Kahama na Masumbwe, ikaukata mji wa Ushirombo na kuendelea hadi Runzewe na Nyakanazi kabla ya kugawanyika kuelekea Rwanda na Burundi, ndiyo iliyoupa mji huu riziki yake, na ndiyo pia iliyoufungulia mlango wa kila kijacho, chema na kibaya. Kwa maana malori yaliyopakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam hupita hapa mchana na usiku, madereva na utingo wao hushuka kula kwa mama lishe na kulala katika nyumba za wageni zilizopanga mstari kandokando ya lami, na pamoja nao hushuka wachuuzi, wachimbaji wa dhahabu wanaofuata habari za shimo jipya, wafugaji wanaokwenda mnadani, na jamaa waliopigiwa simu waje kuzika. Mji wa namna hii haujitengi na ulimwengu hata ukitaka. Maradhi yanayosafiri katika pumzi za watu, yakitua pwani leo, yanaweza kuwa yameketi kwenye benchi la mgahawa wa Ushirombo kabla jua la kesho kutwa halijachwa.

Kwa hiyo tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alipotangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, msafiri aliyefika Arusha akitokea Ubelgiji, na siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoamuru shule zifungwe kuanzia za awali hadi kidato cha sita, suali lililowakabili watu wa wilaya ya Bukombe lilikuwa suali la hesabu: wangapi wataugua kwa wakati mmoja, na hospitali ya wilaya iliyopo hapa Ushirombo, pamoja na vituo vyake vya afya, inaweza kuwalaza wangapi? Watu waliulizana juu ya dawa, juu ya nyungu na malimau, juu ya barakoa za kitambaa na bei ya tangawizi. Juu ya vitanda walisema machache sana. Ninaandika juu ya vitanda kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo uhai wa watu wengi ulipokuwa umening'inia, na ndipo utakaponing'inia tena maradhi mengine ya jamii hiyo yatakapokuja.

Tuchukue mfano wa wodi moja yenye vitanda 20, na maradhi ambayo kila aliyezidiwa nayo hulala siku 10 kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani au kufikwa na mauti. Wodi hiyo, ijapokuwa machoni ni kubwa, haiwezi kupokea zaidi ya wagonjwa 2 wapya kwa siku, maana ndivyo vitanda 20 vinavyogawanyika kwa siku 10. Wakija wagonjwa mahututi 140 katika muda wa siku 70, yaani 2 kila kukicha, wote watapata mahali pa kuweka ubavu na tabibu atamfikia kila mmoja wao. Lakini watu wale wale 140, bila kuongezeka hata mmoja, wakizidiwa katika muda wa majuma mawili, watakuja 10 kwa siku. Jioni ya siku ya pili vitanda vyote vitakuwa vimejaa, kuanzia siku ya tatu hadi ya 10 hakitapatikana hata kimoja, siku ya 11 na ya 12 vile 20 vya mwanzo vitaachwa na kujazwa papo hapo, na juma la pili likiisha watu 40 watakuwa wamelazwa, na 100 watakuwa wamegeuzwa mlangoni. Maradhi ni yale yale, idadi ya wagonjwa ni ile ile, waganga na wauguzi ni wale wale. Kilichobadilika ni mwendo tu. Kisima cha kijiji wakati wa kiangazi hufanya vivyo hivyo, kwani maji yanayochuruzika usiku na mchana huwatosha wote wajao kwa zamu, lakini wakija wote alfajiri moja na ndoo zao, walio nyuma huteka tope.

Hii ndiyo maana ya zile ndoo za maji tiririka zilizowekwa mbele ya maduka, na ndiyo maana ya amri ya kukaa mbalimbali na ya kuacha kupeana mikono. Wengi walizibeza kwa hoja kwamba haziwezi kuzuia ugonjwa usiingie, na katika hilo walisema kweli, kwa kuwa hakuna ndoo iliyopata kuzuia ugonjwa wa namna hii usiingie popote. Ila kazi iliyokusudiwa ilikuwa kuuchelewesha, ili mama mzazi wa mtu fulani azidiwe mwezi wa sita badala ya mwezi wa nne, wakati kitanda kitakapokuwa kimeachwa na mwingine aliyepona.

Msomaji aliyewahi kuuguza atasema kwamba sisi tumezoea uchache wa vitanda: wajawazito wawili hulazwa kitanda kimoja, mzungu wa nne, na wengine hutandikiwa mikeka chini, na ndugu wa mgonjwa hulala ubarazani huku sufuria za uji zikiwa zimefunikwa kwa kanga. Ni kweli, na uvumilivu huo umeokoa wengi. Lakini maradhi ya kifua ya aina ya korona hayamtaki mgonjwa godoro tu. Yanataka hewa. Nenda ukautazame mtungi mkubwa wa oksijeni, ule unaomfika mtu kifuani ukisimamishwa: umefungwa kwa mnyororo ukutani usianguke, juu yake pana geji yenye mshale, chini ya geji pana chupa ndogo ya maji inayotoa mapovu hewa inapopita, na kutoka hapo mpira mwembamba unakwenda hadi puani mwa mgonjwa. Mtungi wa kadiri hiyo huchukua takriban lita 6,800 za hewa. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika, na wagonjwa wa korona waliozidiwa walihitaji hizo na wengine zaidi, huumaliza kwa muda wa saa 11 na ushei. Hesabu basi: mgonjwa mmoja hula mitungi miwili na ziada kwa siku, wagonjwa 10 hula zaidi ya 20, na kila mtungi mtupu sharti upakiwe garini, upelekwe unakojazwa, na urudishwe kabla mshale wa geji wa mwenzake haujagusa sifuri. Muuguzi wa zamu ya usiku anayezunguka na tochi akisoma geji moja baada ya nyingine ndiye anayejua kitanda ni kitu gani hasa, kwa sababu kitanda kisicho na mtungi uliojaa, kisicho na mtu wa kuugeuza ufunguo na kumlaza mgonjwa kifudifudi pumzi zinapombana, ni fanicha tu hata kikiandikwa katika taarifa ya wilaya.

Na kwa habari ya vitanda vilivyokamilika kwa namna hiyo, bara letu zima lilikuwa maskini. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi 43 za Afrika zilizotoa hesabu zao, vitanda vya uangalizi wa wagonjwa mahututi havikufika 5,000, kiasi cha vitanda 5 kwa kila watu milioni moja, na kwamba katika nchi 41 mashine za kupumulia zilizokuwa zikifanya kazi hazikufika 2,000. Wilaya ya Bukombe ilihesabiwa kuwa na watu 224,542 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikawakuta watu 407,102. Tukitumia kipimo kile cha Afrika, wilaya yote, pamoja na wachimbaji wake, wafugaji wake, wanafunzi wake na wageni wa barabarani, ingestahili vitanda viwili vya aina hiyo. Hospitali kubwa ya rufaa ya Bugando, iliyopo Mwanza, ina vitanda vya kawaida zaidi ya 900, lakini hiyo hutazamiwa na Kanda ya Ziwa nzima, na mgonjwa anayekosa pumzi hapa hana wasaa wa kusafiri hadi huko kisha akangoja foleni.

Ulimwengu ulikwisha kuliona jambo hili zamani. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa inamalizika, mafua makali yaliyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani yaliingia Mombasa mwezi wa Septemba kwa njia ya bahari, yakafuata reli na njia za wapagazi waliokuwa wakirejea makwao kutoka katika majeshi, yakavitia vijiji msiba ambao wazee walikuja kuutumia kama alama ya kuhesabia miaka ya kuzaliwa watoto. Katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika hospitali zilikuwa chache mno. Watu wengi waliugua na kufa majumbani mwao. Lakini huko Marekani, ambako hospitali zilikuwa nyingi, miji miwili iliacha ushahidi adhimu. Philadelphia, tarehe 28 Septemba 1918, iliruhusu gwaride la kuchangisha mkopo wa vita, watu wapatao 200,000 wakasongamana barabarani, na kabla ya majuma mengi kupita maiti zilikosa wazikaji. St. Louis ilifunga shule, makanisa na nyumba za sinema siku chache tu baada ya wagonjwa wake wa kwanza kuonekana. Wataalamu waliozipitia kumbukumbu hizo mwaka 2007 walikuta kwamba katika juma lililokuwa baya kuliko yote Philadelphia ilipoteza watu 257 kwa kila wakazi 100,000, ilhali St. Louis, katika kilele chake cha kwanza, ilipoteza 31. Sharti niseme pia kwamba St. Louis ilipolegeza amri zake mapema maradhi yalipanda tena, kwani virusi havina ahadi na mtu aliyevichelewesha mara moja.

Kwetu huku, lakini, maradhi yaliacha kumbukumbu ya namna nyingine, na nadhani kumbukumbu hiyo haijapewa uzito unaostahili. Ushirombo ni mji wa zamani. Mapadri Weupe walifungua misheni yao hapa mwaka 1891, katika miaka ile ambayo sotoka iliwamaliza ng'ombe na ndui ikawamaliza wenye ng'ombe. Kisha, katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Kiingereza ilipambana na malale katika nchi hizi za magharibi, Kahama, ambayo Ushirombo ilikuwa sehemu yake, na Biharamulo, kwa kuwahamisha watu waliotawanyika porini na kuwakusanya pamoja, misitu ikafyekwa, mbung'o akakosa kivuli cha kukalia. Dawa ya malale ilikuwa watu wakaribiane. Dawa ya korona ilikuwa watu waachane. Mtu aliyerithi kwa wazazi wake habari kwamba serikali hupambana na ugonjwa kwa kukusanya watu, kisha akaambiwa bila maelezo kwamba safari hii sharti atawanyike, ana haki ya kuuliza kwa nini, na jibu lake ni kwamba malale huletwa na mbung'o, na mbung'o huogopa uwanda uliofyekwa, ilhali korona huletwa na pumzi ya jirani. Maelezo ya sentensi moja yanatosha, lakini lazima yatolewe, na yatolewe kwa lugha ambayo mtu wa Bukombe hutumia nyumbani kwake, Kisumbwa na Kisukuma zikiwemo. Amri isiyo na sababu hufuatwa na watu maadamu askari yupo; akiondoka, huondoka naye.

Pana pia kazi ya dhahabu, ambayo ndiyo shani ya nchi hii tangu Geita hadi Kahama. Katika migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu wafanyakazi wana zahanati, basi la kampuni, na daktari wa kazini. Mchimbaji mdogo ana duara. Duara ni shimo lililochimbwa wima, likategemezwa kwa magogo yaitwayo matimba, ambamo vijana hushuka kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, kisha huingia katika mapango ya pembeni wakichongea mawe bega kwa bega, hewa ikiwa nzito na moto, tochi zao zikimulika vumbi. Juu, mawe hupelekwa kwenye karasha yasagwe, na kutoka karashani hupelekwa mwaloni yakaoshwe. Usiku vijana wale hulala katika vibanda vya maturubai, wengi katika kibanda kimoja. Kifua kikuu kimekwisha kutufundisha, kwa miaka mingi na kwa makaburi mengi, maradhi ya pumzi hufanya nini mahali kama hapo, na vumbi la mawe linapokuwa limekwisha kukwaruza mapafu, mgonjwa wa kifua chochote kile hufika hospitali akiwa na nguvu pungufu na huhitaji kitanda kwa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo, mwenye duara ana dhamana kubwa kuliko anavyodhani. Akiandika daftarini majina ya wanaoshuka na saa walizoshuka, akawapanga katika zamu zisizochanganyika ili aliyeugua awe amekaa na watu 6 wanaojulikana badala ya 60 wasiojulikana, akakataa kumshusha mwenye homa na kikohozi, tena akamlipa posho ya siku alizokaa kando ili asifiche ugonjwa wake kwa kuogopa njaa, atakuwa ameiongezea hospitali ya wilaya vitanda kwa gharama ambayo hata bei ya gunia moja la mawe mazuri inaizidi. Hilo la posho nalisisitiza. Maskini huficha homa kwa sababu anajua gharama ya kuitangaza.

Vivyo hivyo minada na magulio. Ni dhahiri kwamba nchi ambayo mtu hula alichokichuma leo haiwezi kufungwa miezi mitatu, na Hayati Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato katika mkoa huu huu wa Geita, alipokataa kuifunga nchi mwaka 2020, alisema jambo ambalo mama muuza dagaa wa Ushirombo alilielewa bila kufasiriwa. Majirani walichagua njia nyingine: Rwanda na Uganda zilifunga, Kenya ikaweka amri ya kutotoka usiku, na madereva wa malori walikwama mpakani Rusumo siku nyingi, kwa kuwa Rwanda ilitaka shehena zihamishiwe kwa madereva wake. Njia hizo nazo ziliacha vidonda, na shule za Uganda, zilizofunguliwa kikamilifu Januari 2022 baada ya miaka takriban miwili, ni kidonda ambacho watoto wale watakibeba hadi utu uzima. Lakini baina ya kuifunga nchi na kuliacha kila jambo liende lilivyokuwa likienda pana uwanja mpana. Mnada unaweza kuhamia mahali palipo wazi na kugawanywa siku mbili. Basi linaweza kukatazwa kusimamisha abiria, na madirisha yake yakaamriwa kuwa wazi. Matanga yanaweza kuwa ya siku moja, wazee wakaketi chini ya mwembe badala ya ndani, na rambirambi zikatumwa kwa simu. Na hili la matanga si jambo dogo kwa Wasukuma na Wasumbwa, ambao kwao kutofika mazikoni ni kosa la kulipiwa faini katika vikundi vya kuzikana, kwa hiyo ni viongozi wa vikundi hivyo, ghairi ya askari, wanaofaa kutoa ruhusa hiyo na kuiondoa faini. Nchi hii inajua kujipanga yenyewe. Sungusungu walizaliwa katika wilaya za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazuia wizi wa ng'ombe kwa nidhamu ambayo serikali iliikuta na kuikubali. Jamii iliyoweza kukesha kwa zamu kulinda zizi inaweza kukubaliana juu ya zamu za gulio.

Kilichotuumiza ni jambo jingine. Tarehe 29 Aprili 2020 ilitangazwa kwamba wagonjwa waliothibitishwa nchini walikuwa 480 na waliofariki 16, na baada ya siku chache hesabu za taifa zikanyamaza kwa muda wa zaidi ya mwaka. Walioamua hivyo walisema kwamba hesabu zilikuwa zikieneza hofu na kwamba vipimo vyenyewe havikuaminika, na sikatai kwamba hofu nayo huua. Lakini kutokuifunga nchi ni jambo moja, na kutokuhesabu wagonjwa ni jambo jingine, na la pili halikulazimishwa na la kwanza. Bali lilikuwa kinyume chake: nchi isiyojifunga inahitaji hesabu kuliko iliyojifunga, kwa kuwa watu wake wanaachiwa wajiamulie wenyewe kila asubuhi kama waende mnadani au wasiende, na mtu hawezi kuamua vyema juu ya jambo asiloambiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 vifo vya watu wazima viliongezeka katika miji mingi, vikapewa jina la changamoto ya upumuaji. Februari 17 akafariki Muhimbili Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba aliambukizwa korona. Watu wakaogopa zaidi kwa kukosa hesabu kuliko walivyokuwa wakiogopa walipokuwa nazo.

Kenya katika mwezi uliofuata ilionyesha faida ya kuhesabu hata pale hesabu inapokuwa chungu: vitanda vya wagonjwa mahututi vilipokuwa vinajaa, Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 26 Machi 2021, alizifunga kaunti 5, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, akawaacha wengine waendelee na shughuli zao. Uamuzi wa kuchagua mahali na kuacha mahali hauwezekani kwa asiyejua vitanda vyake vimejaa wapi. Kwetu mambo yalianza kubadilika Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipounda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai mwaka huo akachanjwa hadharani Ikulu, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni moja kuwasili.

Msomaji asidhani kwamba haya yamepita. Biharamulo, ambako mtu wa Runzewe hufika bila kulala njiani, tarehe 20 Januari 2025 ilitajwa na Rais kuwa ndipo palipothibitika virusi vya Marburg, maradhi yanayoua sehemu kubwa ya wanaoyapata na ambayo yalikwisha kuonekana huko huko mkoani Kagera mwaka 2023, yakachukua watu 6 kati ya 9, mhudumu wa afya mmojawapo. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Waliohesabiwa, 2 waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa, wote 10 walifariki. Marburg haisafiri kwa pumzi, husafiri kwa majimaji ya mwili, katika kumuuguza mgonjwa na kumwosha maiti, na kwa hiyo mwendo wake hucheleweshwa kwa njia yake yenyewe: kumtambua mgonjwa mapema, kumtenga katika chumba chenye mlango wake na choo chake, na kuwafuatilia kwa siku 21 wote waliomgusa. Kwa ugonjwa huo kitanda kimoja kilichotengwa vyema, katika kituo cha afya kilicho karibu, chenye glovu na wahudumu waliozoezwa kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga bila kujigusa, kina thamani kubwa kuliko wodi nzima iliyo wazi. Bukombe, kwa kuwa ipo kando ya barabara ile ile, yapasa iwe na vyumba hivyo kabla ya kuambiwa kwamba vinahitajika.

Fedha nazo zilipatikana mara moja, na yafaa kukumbuka zilivyopatikana. Mwezi wa Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, shilingi trilioni 1.3, na mwezi uliofuata Rais akazindua jijini Dodoma mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, yaani korona, ambao kila mzazi anaujua kwa madarasa yake 15,000, lakini ambao pia uligharimia vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya dharura, mitambo ya kuzalisha oksijeni na magari ya wagonjwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Hospitali ya rufaa ya Kanda huko Chato nayo imeupunguza mwendo wa kwenda Bugando. Haya ni mambo ya kushukuriwa, na mimi nayashukuru kwa moyo mmoja. Hofu yangu ni juu ya yale yasiyozinduliwa kwa utepe: fundi wa kuutengeneza mtambo wa oksijeni siku utakapogoma, umeme wa kuuendesha usiokatika, vipuri vyake, na wauguzi wa zamu tatu za mchana na usiku, ambao hawajengwi kwa miezi 9 kama darasa. Muda unaopatikana kwa kuchelewesha maradhi una faida kwa yule tu anayeutumia kuyatengeneza haya, na kipindi hiki tulicho nacho sasa, ambacho watu wanapita barabarani bila barakoa, nacho ni muda wa namna hiyo hiyo.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji mkopo, nalo naliomba kwa heshima kwa wakuu wa halmashauri na wa hospitali. Uwekwe ubao kwenye lango la hospitali ya wilaya, na mwingine stendi, na mwingine katika kila mwalo mkubwa, uandikwe kwa chaki kila Jumatatu: vitanda vya wagonjwa wa kifua vilivyopo, vilivyojaa, mitungi ya oksijeni iliyojaa, na mitungi iliyo mitupu. Majina ya wagonjwa hayahusiki, na siri ya mtu haiguswi. Juma ambalo ubao unaonyesha vitanda vingi vitupu, mwenye mnada apige mnada wake, na mwenye arusi aite ngoma. Juma ambalo unaonyesha vimebaki vitatu, mwenye duara atajua kwamba huu si wakati wa kuwashusha vijana 30 kwa zamu moja, kiongozi wa kikundi cha kuzikana atajua kwamba matanga yapasa yawe ya siku moja, na mganga mkuu hatakuwa mtu pekee wilayani anayelala akiijua hesabu hiyo.